Historia Inaposomwa kwa Sauti: Vitabu vya Kusikiliza, Podikasti na Matini za Kihistoria za Kiswahili

Utangulizi

Swali ambalo makala haya yanalichunguza huonekana, kwa mtazamo wa haraka, kuwa la mafundi wa mitambo wala si la wahakiki: matini ya kihistoria inapoondoka ukurasani na kuingia sikioni, ni kipi kinachopatikana na ni kipi kinachopotea? Tunalileta swali hili katika uwanja wa uhakiki kwa sababu wengi wa wanafunzi tunaowafundisha sasa huja darasani wakiwa wameisikia historia kabla ya kuisoma. Wameisikia ndani ya matatu, simu mkononi na nyaya masikioni, kwa sauti ya mtu wasiyemjua, aghalabu kwa Kiingereza. Wanazijua habari za Roma na za Napoleon kwa undani unaotuaibisha sisi walimu wao. Lakini ukiwauliza habari za Kilwa au za Pate, watakujibu kwa sentensi mbili walizozikariri katika shule ya msingi.

Wapo wenzetu wanaoliona jambo hili kuwa dalili ya uvivu. Hatukubaliani nao, na sababu yetu ya kwanza inatokana na historia ya vyombo hivyo vyenyewe. Thomas Edison aliunda mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877. Nchini Uingereza vitabu vya kusikiliza vilianza kutolewa katika santuri mwaka 1935 kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopofuka katika Vita Kuu vya Kwanza. Kitabu cha kusikiliza, basi, hakikubuniwa kwa ajili ya mtu aliyechoka kusoma. Kilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyenyimwa ukurasa. Kaseti ilikuja mwaka 1963, na neno ambalo sisi tumelifanya podikasti lilizuka katika Kiingereza mwaka 2004. Hayo mengine ni habari za wahandisi na wafanyabiashara.

Katika pwani yetu, sauti iliyonaswa iliwahi mapema kuwa ghala la historia. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake katika santuri, na miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri upo ule wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke na jinsi haki ilivyokwenda upande. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Unguja baada ya utumwa, amezitumia nyimbo za Siti kama ushahidi wa mawazo ya watu ambao nyaraka za serikali haziwataji ila wanaposhtakiwa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957, ilimkuta msikilizaji aliyekwisha kuzoea kuamini kwamba habari nzito zaweza kutoka katika kisanduku.

Hata hivyo, hoja yetu kuu haihusu visanduku. Tunadai kwamba sehemu kubwa ya matini za kihistoria za Kiswahili iliandikwa ikingoja sauti, na kwamba usomaji wa kimya, ambao tumeufanya kuwa ndio usomaji wa kitaaluma, umeificha sura yake. Papo hapo tunadai kwamba sauti iliyorekodiwa si sauti ya fanani aliyeketi mbele ya hadhira yake, na kwamba anayezichanganya sauti hizo mbili atakuja kudanganyika vibaya. Mwandishi wa makala haya alidanganyika hivyo, kama tutakavyoona.

Matini zinazongoja sauti

Tuanze na neno lenyewe, kusoma. Katika Kiswahili cha pwani mtu husoma Kurani, husoma maulidi, husoma utenzi. Na anayesoma maulidi pengine hana kitabu chochote mbele yake. Maana ya kutoa sauti imo ndani ya neno hilo tangu zamani. Kutazama maandishi huku midomo imefungwa ni maana tuliyoizoea katika maktaba za shule, chini ya tangazo la kuamuru kimya.

Hati nazo zinathibitisha jambo hilo. Waandishi wa kale walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliitumia herufi moja kwa sauti ya b, ya p na ya mb. Hawakuwa na njia ya kawaida ya kutenganisha o na u. Neno moja katika hati hizo laweza kuwa bora, na laweza kuwa pora. (Msomaji wa historia ya misafara ya bara ataona kwamba tofauti hiyo si ndogo.) Mwandishi hakuhangaika, kwa kuwa alimtegemea msomaji ambaye alikwisha kuisikia habari hiyo, au aliyeijua bahari ya utenzi kiasi cha kusikia kosa kabla ya kulitamka. Hati ilikuwa kumbukumbu ya sauti. Haikukusudiwa kuchukua nafasi yake.

Hivyo ndivyo tunavyopaswa kuuelewa utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wajerumani kuitamalaki Mrima, au ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Vita vya Maji Maji. Darasani huwa tunahesabu mizani minane, tunaonyesha vina vitatu vinavyofanana na kile cha nne kinachopita utenzi mzima, kisha tunawaambia wanafunzi kwamba hayo ni mapambo ya umbo. Msikilizaji hasikii mapambo. Kile kina cha mwisho, kinachorejea beti baada ya beti, ndicho kinachomjulisha kwamba tukio moja limefungwa na jingine linakuja. Kwa aliye mbali na kitabu, hiyo ndiyo nukta na aya na mwanzo wa sura. Umbo hapa linafanya kazi ya kihistoria: linapanga matukio katika kumbukumbu ya mtu asiyeweza kufunua ukurasa wa nyuma.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote hautoki pwani. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville ambao baadaye ulipewa jina la Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha huko, kwa niaba ya chama cha watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Ni historia ya ukoloni wa Kibelgiji kama ilivyoonekana kutoka jikoni. Matini hiyo ilipomfikia mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ilimshinda. Maneno yalikuwa yameunganishwa na kutenganishwa pasipo utaratibu, alama za uakifishaji hazikuaminika, na jicho halikujua sentensi inaanzia wapi. Njia iliyofuatwa ni rahisi, na kwa maoni yetu ndiyo njia ya kihakiki iliyo bora: Kalundi Mango, mzawa wa lugha hiyo, aliisoma matini yote kwa sauti mbele ya kinasasauti, naye akaipatia vituo, mikazo na kiimbo. Usomaji huo ndio uliofungua tafsiri na uchambuzi uliochapishwa mwaka 1990.

Wengi husoma kisa hiki kama habari ya taabu za mtafiti. Sisi tunakiona kuwa ni sheria ya utanzu. Kasoro za maandishi ya Yav hazikuwa kasoro hata kidogo kwa yule ambaye angeyatamka. Tulipoitazama kwa jicho tuliona mtu asiyejua kuandika. Ilipotamkwa alisikika mzee anayejua kusimulia, anayepanda na kushuka, anayerudia jina la jambo asilotaka lisahaulike. Ni wangapi wengine tuliowahukumu kwa jicho?

Vigae vya Kilwa

Tugeukie upande wa pili wa suala hili. Mwaka 2010 Radio 4 ya BBC, ikishirikiana na British Museum, ilitangaza mfululizo wa vipindi 100 vya dakika 15 hivi vilivyosimuliwa na Neil MacGregor, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa makumbusho hayo. Kila kipindi kilieleza kitu kimoja, na vitu vyote 100 kwa pamoja vilisimulia historia ya ulimwengu. Vipindi hivyo vilipakuliwa kama podikasti na kusikilizwa mbali sana na London. Kimojawapo kinahusu vigae vya Kilwa Kisiwani: vipande vya vyombo vilivyovunjika, vingine vya kijani kutoka Uchina, vingine kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi, na vingine vya udongo wa kahawia vilivyofinyangwa papa hapa Afrika Mashariki.

Kwa wanafunzi kadhaa niliowafundisha, kipindi hicho ndicho kilichowafungulia mlango. Kigae cha chungu cha mpishi, kikilala ufukweni pamoja na kipande cha bakuli la Kichina, kinaeleza biashara ya Bahari ya Hindi kwa namna ambayo kurasa thelathini za kitabu cha kiada hazikuweza. Wala haidhuru kwamba msikilizaji hakioni kigae chenyewe. Analazimika kukiunda akilini, na alichokiunda mwenyewe hakisahau upesi. Hilo ni jambo ambalo kila fanani wa ngano analijua.

Hatukusudii, basi, kukikosoa kipindi hicho kwa yale ambayo dakika 15 haziwezi kuyabeba. Tunachouliza ni jinsi sauti inavyojenga imani. Asili ya utawala wa Kilwa imetufikia kupitia masimulizi yanayopingana. Mreno João de Barros aliyachapisha ya kwanza mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu iliyohifadhiwa London ilichapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Katika nakala ya Kiarabu, baba na wanawe sita wanatoka Shirazi kwa majahazi saba, na kila mmoja anashukia mahali pake. Kwa Barros, ni mwana mmoja, Ali, mwenye mama Mhabeshi, anayesafiri na merikebu mbili. Kote kuwili kisiwa kinanunuliwa kwa nguo. Uchimbuzi wa Neville Chittick, uliokamilika katika miaka ya 1960 na kuchapishwa mwaka 1974, uliisogeza mbele tarehe ya nasaba hiyo kwa karne mbili hivi. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya Waswahili, ulioonyesha kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi familia nyingi zilikuwa na mama wa Kiafrika na baba wa Kiajemi. Jambo ambalo linawarudishia wasimulizi wa kale sehemu ya heshima yao, na papo hapo linawataja mama ambao wasimulizi hao hawakuwataja.

Mwanafunzi mwenye vitabu anaweza kuziweka nakala mbili ubavu kwa ubavu, kidole kimoja hapa na kingine pale. Sikio halina vidole viwili. Husikia simulizi moja kwa wakati mmoja, na simulizi hiyo ikitamkwa na mtu mwenye sauti ya utulivu na elimu, khitilafu zote huyeyuka. Zaidi ya hayo, sauti haina tarehe. Kitabu cha 1974 kinajitangaza kwa karatasi yake iliyogeuka manjano na mwaka uliopigwa chapa nyuma ya jalada. Sauti ya 2010 inasema leo, ndani ya sikio lako, kana kwamba msemaji amelala akaamka asubuhi hii na kuyapitia maoni ya jana.

Msimulizi wa kale alikuwa na kinga dhidi ya hatari hiyo. Khabari za Pate, ambazo Stigand alizichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913, zimefungamana na jina la Bwana Kitini, wa ukoo wa Nabahani wenyewe, aliyemsimulia. Nakala nyingine zilizokuja baadaye nazo zinarejea kwake. Ukizisoma unajua ni nani anasema na anasema kwa maslahi ya nani. Hadhira yake ilikuwa na haki ya kumkatiza: mzee fulani angeweza kusema kwamba yeye alisikia vingine kwa babu yake wa Siyu. Simu haikatizwi. Inasimamishwa tu.

Jina ambalo ni sauti

Hapa sina budi kuliacha lile "sisi" la wanazuoni na kusema "mimi", kwa kuwa kosa nitakalolieleza lilikuwa langu peke yangu.

Miaka michache iliyopita nilifundisha somo la wasifu na tawasifu, na mojawapo ya vitabu vilivyowekwa ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliandika habari zake kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliyezichapisha katika miaka ya 1902 na 1903. Wengi wetu tunaijua nakala iliyohaririwa na Whiteley. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo mmoja asiyeona. Kitabu hakikupatikana kwa breli wala kwa sauti. Niliamua kukisoma mwenyewe na kujirekodi kwa simu, usiku, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mbwa wa jirani. Nilikuwa nimekifundisha kitabu hicho mara nne, na nilidhani nakijua.

Jambo la kwanza lililonishtua ni jina. Kwa miaka mingi nimelitamka Tippu Tip kama jina lolote. Wapo wanaosema alipewa kwa sababu ya kupepesa macho, lakini mwenyewe anaeleza kwamba lilitoka kwa watu waliokimbia, waliosema kwamba bunduki zake zililia hivyo. Ni tanakali ya sauti. Nilipolifikia mahali hapo kwa kinywa, nilisita: nilitamkeje? Nikilitamka kama milio ya bunduki, ninakuwa upande wa waliokimbia. Nikilitamka kama cheo, ninakuwa upande wake. Ukurasa haukuwahi kunilazimisha kuchagua.

La pili ni kiambishi -ka-. Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba mfululizo wake wa vitenzi vya -ka- ni udhaifu wa mtindo. Kinywani ulikuwa mwendo wa msafara: wakaondoka, wakafika, wakalala, wakaondoka tena. Lakini kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyotambua kwamba -ka- hiyo husawazisha kila kitu. Pembe ikinunuliwa ni -ka-, kijiji kikichomwa ni -ka-, watu wakitekwa ni -ka-, chakula kikiliwa ni -ka-. Sarufi haipandishi wala haishushi. Ni msomaji anayepandisha au asiyepandisha, na mimi, kwa ajili ya kuipendezesha sauti, niliyapandisha mapigano na kuyapita mateka.

Kisha nikafika Utetera. Katika miaka ya 1870, Tippu Tip alimwendea mtawala aitwaye Kasongo Rushie. Alikuwa amesikia habari za kale za wanawake wawili wa ukoo wa mtawala huyo waliotekwa vitani na kupotea. Akadai kwamba bibi yake alikuwa mmoja wao. Mzee akaamini, akafurahi kumpata mjukuu, akamwachia utawala. Tippu Tip haufichi uongo huo. Anausimulia kwa raha. Nami niliusoma kwa raha hiyohiyo. Nilimsoma kama sungura wa ngano zetu, kwa sauti nyembamba ya ujanja, na kituo kirefu kabla ya neno la mwisho. Niliporusha rekodi hiyo darasani, wanafunzi walicheka. Baada ya kipindi yule mwanafunzi aliyeisikiliza tangu mwanzo alinisubiri mlangoni.

"Daktari," akasema, "nimempenda sana mzee huyu."

Sikujua la kumjibu. Alichokipenda kilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimemwazima mtu aliyeuza watu koo la mwalimu anayeaminiwa na wanafunzi wake, na nilifanya hivyo bila kubadili hata neno moja la matini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayesoma historia kwa sauti anafasiri zaidi ya mfasiri, kwani mfasiri walau huacha nakala ya asili karibu. Katika tawasifu hatari huzidi: yule "mimi" wa ukurasani hukaa mbali, ameshikwa na herufi, yule "mimi" wa sikioni hana umbali wowote.

Nilirekodi upya. Kabla ya kila sehemu nilitaja nakala ninayoisoma, mwaka wake na mhariri wake. Mahali penye khitilafu nilimwomba mwenzangu mmoja wa idara aisome tanbihi kwa sauti yake, ili msikilizaji ajue kwamba amekatizwa. Si rekodi tamu. Wanafunzi wa mwaka uliofuata waliilalamikia kwamba inakwamakwama, na ninaungana nao. Lakini inakwama mahali panapostahili mtu akwame.

Kuhusu sehemu ya Utetera, sikuisoma. Nilimwachia yule mwanafunzi wangu, ambaye alikuwa ameisikiliza mara nyingi kiasi cha kuihifadhi. Aliisoma mbele ya darasa, kwa maana ile ya zamani ya kusoma, mikono yake ikiwa mitupu juu ya meza. Hakubadili sauti popote: si kwa uongo, si kwa furaha ya mzee, si kwa utawala uliokabidhiwa. Kila -ka- ilikuwa na uzito mmoja na mwenzake. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza palikuwa na kimya cha muda, kisha msichana aliyeketi karibu na dirisha akauliza wale wanawake wawili waliotekwa waliishia wapi. Tulikifungua kitabu, tukakipekua mbele na nyuma mpaka kengele ikalia.